Kibweta cha Somo Ludgera

Kibweta cha Ludgera Komba kilitangaza kifo chake chenyewe asubuhi moja, mwenye mali akiwa anapepeta maharage. Kilikuwa juu ya kabati la vyombo, mahali pake pa siku zote, kidogo kama boksi la sabuni, na sauti yake ilikuwa ya upole kama ya padri anayeomba sadaka ya pili. Kilisema mnara unaokipa uhai utazimwa mavuno ya mahindi yakiisha. Kilisema kinashukuru kwa miaka yote waliyoishi pamoja. Kisha kikanyamaza. Ludgera akaendelea kupepeta, maana maharage hayajui habari za minara.

"Umesikia, mama?" Winfrida, bintiye wa pekee, aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimesikia. Sogea, unanizibia mwanga."

"Basi twende Baraza. Leo hii. Foleni itakuwa ndefu kuliko ya mbolea."

Mkono wa Ludgera ulikwenda wenyewe nyuma ya sikio, kwenye kipuli.

Wakati ule, hapo Songea na kwingineko, kila aliyefikia umri wa kuitwa bibi au babu alivaa kipuli. Asiyevaa alichukuliwa na Ukungu. Ulikotoka Ukungu hakuna aliyejua. Wengine walisema ni maji ya visima virefu, wengine dawa ya kuhifadhi mahindi, na fundi baiskeli mmoja wa Bombambili aliapa kwamba ni laana ya watu wanaotia sukari kwenye ugali. Kilichojulikana ni jinsi ulivyofanya kazi. Hakimu mmoja ulimkuta katikati ya hukumu, akasahau mshtakiwa ni yupi, akajihukumu mwenyewe kifungo. Alikwenda kukitumikia chote, maana hakukumbuka kukata rufaa.

Kipuli kilirudisha kila jambo pale akili ilipolitafuta. Lakini chenyewe hakikutunza kitu. Kilikuwa kama mlango, na nyuma ya mlango lazima kuwe na chumba. Vyumba vilikuwa viwili.

Cha kwanza kiliitwa Baraza. Kilikuwa cha bure na cha wote. Ulichokijua, ulichokisikia, ulichokiota mchana, vyote viliingia ghala moja, na kila mwenye kipuli cha Baraza aliweza kuvigusa. Jambo lililoguswa sana lilinenepa. Lisiloguswa na mtu msimu mzima lilifagiliwa. Mwalimu mstaafu, jirani yake Ludgera, alibakiwa na jambo moja tu maishani: siku alipoteleza harusini akakalia sufuria la pilau. Watu waliligusa kila wiki, wakacheka mpaka machozi. Ukimwuliza jina la marehemu mkewe, alikusimulia pilau.

Chumba cha pili ndicho Kibweta. Hicho kilikaa nyumbani kwako, na hakuna aliyekiingia ila wewe. Ila kilitaka kazi. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, ilikupasa ukae nacho ufunge mafundo, jambo la leo ulifunge kwenye la zamani, ili kesho ukivuta moja jingine lifuate. Mvivu wa kufunga alipotea ndani ya kichwa chake mwenyewe. Ndiyo maana watu wengi walikimbilia Baraza, ambako majirani walikukumbukia bila kuombwa.

Ludgera alikuwa somo. Mabinti wa nusu mtaa aliwafunda yeye, na walipoolewa waliendelea kuja jikoni kwake na yale ambayo mke hawezi kumwambia mama yake wala padri. Alikuwa na neno moja la kuwafungulia. "Sema," aliwaambia, akiegemeza shavu kwenye kiganja. "Hapa panaishia hapa." Wakasema, na kweli pakaishia pale.

Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa namna ya kufunga. Wenzake walifunga mafundo kwa miaka, au kwa mahali. Yeye alifunga kwa watu. Kila jambo lake mwenyewe alilifunga kwa aliyekuwa karibu naye siku hiyo, na kila aliyekuwa karibu alikuwa amekuja na siri mkononi.

*

Ofisi ya Baraza ilikuwa na viti laini na harufu ya maua ambayo hayakuwapo. Mhudumu aliyewapokea aliitwa Tumsifu, mwanamke wa makamo, mcheshi, aliyeongea na Ludgera kwa sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa.

"Bibi, huku kwetu hutafunga hata fundo moja. Unaishi tu, mengine tunafanya sisi."

"Naweza kuchagua vya kuleta?"

"Unaleta vyote, bibi. Kibweta hakina orodha. Mafundo yako unayajua wewe, mashine inaona uzi mmoja tu."

"Nikikata uzi?"

"Ukikata fundo, vinaanguka vyote viwili vilivyofungwa." Tumsifu akatabasamu. "Lakini tujaribu kimoja uone. Chagua kitu kizuri. Kitu kinachokupa raha."

Ludgera alimtazama Winfrida, aliyekuwa ameshikilia mkoba kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Hakufikiri sana. Alichagua siku alipomzaa. Mvua ya mawe juu ya bati, mkunga aliyechelewa, kitoto chenye nywele nyingi kikipiga chafya kabla ya kulia. Tumsifu akagusa sahani ya kioo, na Winfrida, mwenye kipuli cha Baraza kama wengi waliokivaa kabla ya umri, akaiona siku ile kwa macho ya mama yake. Akacheka huku analia.

"Nilipiga chafya," alisema. "Hukuwahi kuniambia nilipiga chafya."

Kisha kicheko kikakatika. Alikuwa bado anatazama. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama maziwa yanapoanza kuganda.

"Mama," alisema. "Mama Hijini anasema nini pale?"

Hapo ndipo Ludgera alipokumbuka alichokifungia. Siku ile aliyemshika mkono alikuwa rafiki yake Ksaveria, mke wa Gama, naye akiwa na mimba changa ya huyo Hijini. Uchungu ulipozidi, Ksaveria alimwinamia sikioni, akamtolea siri yake kubwa kuliko zote ili kumfariji, kama mtu anavyompa mwenzake kitu cha kung'ata. Mtoto niliyembeba, alisema, si wa Gama.

"Kirudishe," Ludgera alimwambia Tumsifu.

Tumsifu alikuwa ameacha kutabasamu. Alitazama sahani yake, namba zikipanda. "Kimeshaguswa, bibi," alisema. "Kikishaguswa ni cha waliogusa."

*

Gama mwenyewe hakupata kusikia. Alikuwa amelala hospitali na mapafu yake mabovu, na alikufa kabla wiki haijaisha. Watu walisema Mungu alimhurumia. Hawakusema alimhurumia nani mwingine.

Ludgera alikwenda kuzika kwa sababu kutokwenda kungekuwa kukiri mara ya pili. Alisimama nyuma, kiunoni khanga ya msiba, na wanawake walimpisha njia pana kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyemtukana. Waliongea kwa sauti ya chini, na alipokaribia waliacha kuongea. Hao ndio waliomimina mioyo yao jikoni kwake, na sasa kila mmoja alikuwa akihesabu kimya kimya alichowahi kumwambia.

Kaburini, watani walikuwa kazini. Gama alikuwa Mngoni, kwa hiyo Mzee Mpogole, Mhehe mrefu mwenye meno mawili na matusi yasiyohesabika, alikuwa ameshalala ndani ya kaburi na kukataa kutoka.

"Humu mna baridi nzuri," alipiga kelele kutoka chini. "Mngoni huyu hastahili. Maisha yake yote alinidai jembe langu ambalo aliliazima yeye. Nipeni pombe nimwachie kitanda."

Watu walicheka, hata wafiwa walicheka, kwa maana utani ndio uliofanya msiba ubebeke. Mtani husema la msibani na halihesabiwi. Hutwaa kitu msibani na hakuna wa kumkamata mkono. Wakampa pombe, akatoka, jeneza likashushwa.

Ndipo Hijini alipoinuka kuchukua jembe. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, ni haki yake kutupa udongo wa kwanza. Alikuwa ameuguza, amelipia jeneza, amelia mpaka sauti imekauka. Baba yake mdogo akaweka mguu juu ya mpini.

"Subiri kwanza," alisema. "Waanze watoto wa marehemu."

Ilisemwa taratibu, karibu kwa adabu. Hijini alibaki ameinama, mkono umenyooshwa kuelekea kwenye mpini, na Ludgera aliona masikio yake yakibadilika rangi. Hata Mpogole, aliyekuwa amefungua mdomo kwa kejeli nyingine, aliufunga. Udongo ulianza kuanguka kutoka mikono mingine. Hijini akanyooka, akajipangusa magoti yasiyo na vumbi, akaondoka kupitia katikati ya shamba la mihogo badala ya njiani.

Ksaveria alimpita Ludgera watu walipokuwa wanatawanyika. Alisimama. Macho yake yalikuwa makavu.

"Somo," alisema, "nilikuambia wewe. Sikuuambia mji."

*

Mahindi yalivunwa. Ghala la serikali lilijaa mpaka magunia yakalala nje. Winfrida alihamia kwa mama yake, na kila jioni waligombana juu ya sahani zile zile.

"Mimi ni mwanao," Winfrida alisema. "Wao ni majirani."

"Wao waliniamini."

"Na mimi sikukuamini? Nilipozaliwa nilikuwa na nani mwingine wa kumwamini?" Alisukuma sahani. "Umeshatoa moja, mama. Dunia haikupasuka."

"Ya Hijini ilipasuka."

"Watu wazima hao. Watasahau."

"Baraza halisahau la namna hiyo. Wewe unajua. Umeligusa mara ngapi?"

Winfrida aliinamia mezani. Aliligusa kila usiku, kwa ajili ya ile chafya. Na kila alipoigusa chafya, siri ya Ksaveria ilinenepa nayo.

"Ndani ya kile," Ludgera alisema, akionyesha kabatini, "yuko mtoto wa shule aliyebebeshwa mimba na mlezi wake, leo ni mke wa mtu na ana amani. Yuko aliyemtilia mumewe sumu, kisha akamwaga chakula mwenyewe kabla hajala. Yuko mmoja unayemwita shangazi. Watoke wote waje wasimame uwanjani uchi, ili mimi nikukumbuke?"

"Ndiyo," Winfrida alisema. Alisema bila haya, na Ludgera alimpenda kwa hilo kuliko siku nyingine yoyote. "Ndiyo, mama. Nikija kukulisha uji ukaniita dada wa zahanati, mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa Winfrida. Aliyejua kwamba alipiga chafya."

Binti akamweleza mama yake jambo ambalo wote wawili walikuwa wakilizunguka kama shimo. Aliyeingia Ukungu hana sahihi tena, mwanawe ndiye huweka kidole badala yake. Na Kibweta, hata mnara ukizimwa, hubaki na pumzi ya siku chache kabla hakijafa. "Nitaweka kidole, mama. Nakuambia mapema nisije nikaonekana mwizi. Utaniamkia vibaya, lakini utaniamkia unanijua."

Tangu siku ile Winfrida alikilalia Kibweta, na alikwenda nacho hata bombani. Kabla ya hapo Ludgera alikuwa na nafasi ya kukivunja. Mara mbili alikuwa ameinua mchi wa kinu juu ya kile kiboksi, akaiona ile mvua ya mawe, zile nywele nyingi zilizolowa, na mchi ukashuka pembeni. Mkono wake haukutaka, na hakuwa na mkono mwingine.

Siku moja Mpogole alikuja kuomba chumvi, kama alivyoomba chumvi nyumba ile kwa muda mrefu kiasi kwamba deni lilifaa kuchimbiwa mgodi. Alikaa kibarazani na muhogo wake wa kuchoma. Alikuwa mtu wa Baraza. Alichokisikia yeye, mji mzima ulikisikia, na Ludgera alilijua hilo vizuri.

"Mngoni," alisema Mpogole, "nasikia unakufa bila kufa. Nyie hata kufa hammalizi."

"Na wewe utakuja kula tu. Babu zako walikuja kutupiga vita, wakasikia harufu ya kande, wakaomba amani."

"Amani ile ilipungua chumvi. Tunaidai mpaka leo."

Ludgera alimwekea chumvi kwenye gazeti, akaikunja polepole. Ndani, Winfrida alikuwa anaosha vyombo, kiboksi kikiwa mfukoni mwa aproni.

"Mtani hatoki msibani mikono mitupu," Ludgera alisema. "Siku yangu utaiba nini, mzee mwizi?"

"Kuku."

"Kuku wangu ni wazee kama wewe. Hayo meno mawili yatabaki kwenye paja. Mwizi gani anachukua kuku, akaacha kitu ambacho mwenye nyumba akikikosa atalia?"

Mpogole alitafuna muhogo. Sikioni mwake mji ulikuwa unacheka, ukigusa, ukingoja jibu. Macho yake yalikwenda dirishani, kwenye aproni, yakarudi yakatua kwenye uso wa Ludgera na kukaa pale muda mrefu kuliko utani unavyoruhusu.

"Mwenye nyumba akilia, mimi hurudisha," alisema. "Nina moyo mwepesi."

"Huyo akilia, usirudishe."

"Nikikipika?"

"Pika kiive."

"Basi nitakuja na njaa," alisema Mpogole, akasimama, akasema kwamba miguu ya Wangoni imepinda kwa kukimbia, naye Ludgera akamjibu kwamba ya Wahehe ni minyoofu kwa kusimama majikoni kwa watu. Mji ukacheka, ukasahau, ukaenda kugusa pilau la mwalimu.

*

Matanga ya hai ni desturi iliyoletwa na Ukungu. Aliyezimiwa mnara huketishwa uani siku ya mwisho, ndugu wamemzunguka, na watani humwigiza mbele yake mwenyewe, ili ajione mara moja akiwa bado anajua ni nani anayeonwa. Kisha jua likifika utosini mnara huzimwa.

Walimketisha Ludgera mkekani. Pipa la togwa lilikuwa linachemka juu ya mafiga, mvuke ukipeperuka usoni kwa wapishi. Wanawake walikuja wengi kuliko alivyotarajia. Wengine hawakumtazama. Ksaveria alikuja peke yake, akakaa bila salamu, na baada ya muda akauchukua mkono wa Ludgera, akaushika kama alivyoushika siku ya mvua ya mawe. Hijini hakuja. Ilisemekana anaishi Mbinga na amebadili jina.

Winfrida alikaa upande wa pili, Kibweta mapajani, chini ya khanga.

Mpogole aliingia amevaa gauni la Ludgera, kilemba cha Ludgera, na nyonga mbovu ya Ludgera. Alichechemea kuuzunguka ua akitukana kuku. Alipepeta maharage hewani, akachagua mawe, akayatupa kwa wageni. Watu walianza kucheka kabla hawajajiruhusu. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaegemeza shavu kwenye kiganja, akamtazama mwanamke wa kwanza aliyekuwa mbele yake.

"Sema," alisema. "Hapa panaishia hapa."

Kicheko kilikwama. Mwanamke yule alijifunika uso. Ludgera alimtazama huyu Ludgera mwenye meno mawili, akaona kwamba ndivyo alivyokuwa, na kwamba haikuwa kazi mbaya kuifanya maisha yote.

Mpogole aliinuka, akachechemea mpaka kwa Winfrida, akainama kama anayetaka kumbusu. Mkono wake uliingia chini ya khanga ukatoka na kiboksi.

"Mzee, si hicho," alisema Winfrida. "Chukua kuku. Chukua kabati. Mzee Mpogole."

Alikuwa ameshamshika gauni. Lakini mtani hakamatwi msibani, na mikono ya shangazi zake, iliyozoea desturi kuliko ilivyozoea kufikiri, ikamvuta nyuma huku wenyewe wakicheka kwamba mzee leo kaiba kweli. Mpogole alilizunguka pipa mara moja, nyonga ikipanda na kushuka. Alimtazama Ludgera. Ludgera hakutikisa kichwa. Kiboksi kikadondoka kwenye togwa bila sauti kubwa.

Winfrida aliwaponyoka. Alitia mkono ndani ya pipa mpaka kiwiko kabla mtu hajafahamu anafanya nini. Walimtoa akiwa hajapata kitu, ngozi imeshaanza kuvimba, na hakupiga kelele. Alikuwa akisema tu, polepole, kama anayemwamsha mtu: "Mama. Mama. Nitazame kwanza."

Ludgera alimtazama. Mafundo yalikuwa yanafunguka. Yalikwenda ya kando kwanza, mabinti wa jikoni mmoja mmoja, kila mmoja akiondoka na mzigo wake na kufunga mlango taratibu. Akaondoka mume. Ikaondoka nyumba. Mvua ya mawe ilibaki mwisho, ikigonga bati, na kitoto chenye nywele nyingi kikavuta pumzi ili kipige chafya.

Kisha pakabaki ua, na jua, na watu.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka mzuri. Kuna mwanamke alimshika mkono na kulia, hakumjua, akamwachia mkono aendelee nao. Mbele yake alisimama mama mmoja mrefu, mwenye kilemba na meno mawili, uso umelowa. Ulikuwa uso wa mtu anayeweza kuambiwa jambo. Alimwita kwa kidole.

Yule mama alipiga magoti. Kabla ya kuinama alipeleka mkono nyuma ya sikio lake, akachomoa kitu kidogo kinachong'aa, akakifumbata, na kwa muda akaonekana kama mtu aliyesimama ukingoni mwa kisima.

"Sema," alisema. "Hapa panaishia hapa."

Ludgera akamsogelea sikio.

"Yule binti anayelia pale," alinong'ona, "ameungua mkono. Mwambie mama yake aje amchukue."